Nilikata Miguu ya Stuli ya Mama kwa Ajili ya Maonyesho

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako maana mtu mwingine nikimsimulia atacheka, aseme stuli tu hiyo, nami nitashindwa kumweleza. Mimi ni mbunifu wa samani, nimeajiriwa kwenye ofisi inayochora viti na meza za mahoteli, na mwaka huu jiji letu lina tamasha la ubunifu ambalo haliishii kwenye ukumbi mkuu, kila mtaa umeandaa maonyesho yake, watu wanatembea na ramani mkononi wakiingia gereji hii, sebule ile, duka lililohamwa, na mtaa wetu ukachagua kuonyesha vitu ambavyo watu wamejitengenezea wenyewe nyumbani, na kwa kuwa ndiyo kazi yangu wakanipa mimi niyasimamie, kichwa kikavimba kidogo, sikatai.

Sasa kwetu kitu cha kujitengenezea kilichokuwa kimebaki ni stuli ambayo mama huikalia akishona. Mama ni fundi cherehani, bado anapokea nguo za majirani za kupunguza na kubadilisha zipu. Stuli ile aliitengeneza marehemu baba, na baba, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa bohari, nyundo haikumkubali kabisa, rafu aliyotupigia jikoni vikombe vilikuwa vinahama vyenyewe kwenda upande mmoja, mlango wa kabati ulifunguka ukipita tu karibu yake, na hadi leo kwetu kitu kikienda upande tunasema "kazi ya baba". Kwa hiyo nilipoiangalia stuli nikaona imelalia kushoto, miguu ya kushoto mifupi kuliko ya kulia, sikujiuliza mara mbili. Nilimwambia mama naichukua kwa ajili ya maonyesho, akasema chukua, nikaipeleka ofisini, nikakata miguu miwili ya kulia ikalingana na mingine, nikapiga msasa, nikapaka vanishi, vile vipande nikavifagia pamoja na vumbi la mbao. Nikaandika kikaratasi: stuli ya baba, imenyooshwa na binti yake. Watu waliipenda, mshauri, wengine walitokwa na machozi.

Siku ya ufunguzi mama alikuja amevaa gauni lake la kutokea, mgeni mmoja akamwomba akae kwenye stuli apigwe picha. Akakaa. Uso ukambadilika, akashika ukingo wa meza, akasema, "Imependeza, mwanangu," kisha akainuka taratibu akaomba kiti kingine. Mimi nikadhani ni majonzi ya kumkumbuka baba, nikamwonea huruma, nikaendelea kupokea wageni.

Wageni walipopungua, mama mdogo, yaani mdogo wake mama, akanivuta nyuma ya nyumba.

"Nani alikutuma ukate ile miguu?"

"Mama mdogo, ilikuwa imeenda upande. Si unamjua baba?"

"Baba yako aliikata hivyo makusudi," akasema. "Hukujua?"

Ndipo akanieleza kwamba mama alipoanguka nyonga ikaharibika, alikuwa hawezi tena kukaa sawa akakanyaga cherehani, basi baba alikuwa anakata kidogo, mama anakaa, anasema bado, baba anakata tena, wakagombana, mama akamwambia aende dukani anunue kiti kama watu wengine, baba akanuna, kisha akakata tena, mpaka mama akakanyaga cherehani bila kukunja uso. Mimi wakati huo nilikuwa masomoni mbali, nikarudi likizo nikaikuta stuli, nikacheka na ndugu zangu, na baba naye akacheka na sisi. Yaani kitu kimoja ambacho baba alikipatia kwa mikono yake, ndicho nilichokiharibu.

Sasa mama anashona amekaa kwenye kiti cha plastiki, mto umekunjwa chini ya paja, anashona kidogo, anaenda kujilaza, anarudi, gauni la jirani linaning'inia tangu wiki iliyopita, na hajatamka neno. Waandaaji nao wamesema stuli imechaguliwa ipelekwe ukumbi mkuu siku ya kufunga tamasha na mimi nizungumze mbele ya watu. Kaka yangu anasema ninyamaze, mama ameshasamehe, nikifungua mdomo nitamliza bure. Mshauri, niseme au ninyamaze? Na pale ukumbini niende? Najuta mpaka naona aibu kupita mlangoni kwa mama.

Mimi, Mnyoosha Viti

MSHAURI ANAJIBU

Mnyoosha Viti, pole. Naitoa pole mapema kwa sababu nikianza na mengine nitaisahau.

Kosa la msumeno naweza kulielewa. Umelelewa kwenye nyumba ambayo kila kilichoenda upande ni kazi ya baba, hata mimi ningekata. Nisilokuachia ni hili: hoteli ikitaka kiti unauliza atakikalia nani, kwa muda gani, mgongo ataegemeza wapi. Mama yako aliyekuzaa hukumuuliza hata "mama, hii unaikaliaje?" Ulimwomba ruhusa ya kuichukua, hukumwomba ya kuikata. Na hiyo "imependeza" uliyoshikilia, ulitaka aseme nini mbele ya wageni wako, na wewe umesimama pale unang'aa kuliko vanishi?

Kaka yako mshukuru, halafu usimsikilize. Mama anakuficha kwamba anaumia, wewe unamficha kwamba unajua, na kaka yako anaita hiyo amani. Mnaheshimiana mpaka gauni la watu halishoneki.

Ukumbini stuli haiendi. Waambie waandaaji leo kwamba imerudi kwa mwenyewe, inahitajika kazini. Na hotuba hutoi. Najua si rahisi kuachia nafasi kama hiyo, pengine haitajirudia, na nakuonea huruma kweli, lakini hukuniandikia kwa sababu ya hotuba.

Kaiweke mbele ya cherehani, umwite mama, umwambie yote kwa mdomo wako: kwamba ulikata, kwamba ulidhani baba alikosea, kwamba mama mdogo amekueleza. Usiangue kilio. Ukilia sana ataacha maumivu yake aanze kukubembeleza wewe, na mazungumzo yatakuwa yameishia hapo. Kisha tafuta vipande vya ubao mwembamba, uviweke chini ya miguu ya kulia kimoja kimoja, yeye akae, akanyage, wewe umtazame uso. Akisema ongeza, ongeza. Akisema punguza, punguza. Akikufokea, fokewa. Akiridhika, mpe seremala aiunge miguu vizuri, na pale alipoungia paonekane, usipafiche kwa rangi.

Haitakuwa tena stuli ya baba yako. Vipande vya ile miguu aliyoiacha mirefu yeye vimeenda na takataka, hilo utaishi nalo, na mimi sina dawa yake, nisije nikakudanganya. Ungemuuliza alipokuwa hai, angekueleza. Hukuuliza, na yeye akachagua kucheka na nyinyi.

Ila nenda leo, usingoje tamasha lifungwe. Mama yako ni mtu wa kuzoea. Alizoea nyonga mbovu, akazoea kuishi bila mumewe, na muda si mrefu atakizoea na kile kiti cha plastiki. Akishakizoea atakwambia hajambo, nawe hutakuwa na njia ya kujua anaumia kiasi gani.