Picha ya Mtoto Ambaye Hajatoka Nje

Kasongo, Jumatano, mchana.

Mvua imenyesha tangu asubuhi na hakuna mteja hata mmoja aliyepita hapa dukani kupigwa picha. Siku nyingine ningenuna. Leo nimejinyoosha mkekani, nimekunywa chai vikombe viwili, sukari bila huruma, na nacheka peke yangu kama mwehu.

Saidi hatoroki.

Niandike yote kabla sijasahau jinsi nilivyoogopa. Saidi ni mume wa dada yangu Zaina. Anafanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Kabambare, na mkataba wake bado haujaisha. Zaina amejifungulia hapa Kasongo, mtoto wa kike, hajatimiza hata mwezi. Mzungu wa kambi amekataa kumpa Saidi ruhusa ya kuja. Na anayeondoka kambini bila ruhusa anajua kinachomngoja: fimbo, halafu gereza.

Mtoto alipozaliwa nilimwandikia kwamba mama na mwana ni wazima. Hakuamini hata neno moja, na ana haki. Mtoto wao wa kwanza alipofariki, wazee wetu walisema mtu aliye mbali hapewi habari mbaya, atafanyaje kazi? Mimi ndiye ninayejua kuandika katika ukoo huu. Nikaandika, "Mtoto hajambo, anakua." Niliandika hivyo mara tatu. Mtoto alikuwa ameshazikwa.

Naona aibu hata kuyaandika haya humu, ambamo hasomi mtu.

Basi safari hii nikajisemea picha itanisaidia, maana tangu alipokuja kujua ukweli, maneno yangu hayana thamani tena kwake. Siku ya kumpa mtoto jina niliingia chumbani kwa Zaina kwa mbwembwe zote za fundi, nikapiga haraka haraka, nikaondoka. Picha ilitoka nyeusi. Mtoto hana macho, hana pua, ukingo wa kichwa umevurugika kwa sababu alirusha miguu. Niliiona ni mbaya. Nikajidanganya kwamba baba atamjua mwanawe, nikampa dereva wa lori la mchele aipeleke.

Baba atamjuaje mwanawe ambaye hajawahi kumwona?

Dereva alirudi na maneno ya Saidi, akayasema mbele ya Zaina bila kupunguza: "Hii kitu nyeusi ni nini? Ule wa kwanza mulisema iko muzima. Na huyu naye amekufa? Lori ikirudi tena bila kitu cha kweli, naacha kazi, nakuja na miguu." Zaina hakulia. Aliniangalia tu, na afadhali angelia.

Nilijifungia kwenye chumba changu cha giza, ninaposafishia picha, nikawasha taa yangu iliyofungwa kitambaa chekundu. Hapo ndipo nilipojipiga kofi la paji la uso. Natumia taa nyekundu kwa sababu filmu yangu haioni rangi nyekundu, kwake ni giza tupu. Na mama yake Saidi, mtu wa Kabambare, kila akimwogesha mjukuu humpaka nkula, ule unga mwekundu wa mti, uliochanganywa na mafuta, kuanzia utosini hadi nyayoni. Mimi nilimwona mtoto mwekundu, anapendeza. Filmu iliona kitako cha sufuria.

Miaka yote hii najiita fundi!

Asubuhi ya Jumatatu, wiki iliyopita, nilirudi kwao nikiwa na nafasi tatu tu zilizobaki kwenye filmu. Arobaini haijafika, kwa hiyo mtoto havuki kizingiti, hilo halina mjadala. Chumba chenyewe kina kidirisha kimoja cha kupitisha paka. Nikamwomba mama mkwe wa dada yangu amwogeshe mtoto lakini asimpake kwanza.

"Weye unataka mutoto apate baridi?" akaniuliza.

"Kidogo tu, mama. Akishanyonya, napiga, kisha unamupaka."

"Nkula ndiyo nguo yake. Utamupeleka kwa baba yake uchi?"

Nilimweleza habari ya filmu na rangi nyekundu. Hakuielewa, wala hakujifanya ameielewa. Kilichomgeuza ni Zaina aliposema polepole, "Mama, Saidi atakamatwa." Bibi akaweka kibuyu cha mafuta chini ya kitanda.

Kama mtoto hawezi kutoka, mwanga ndio utakaoingia. Nilitandaza shuka jeupe kwenye kamba uani, kwenye jua kali, likaelekea mlango. Jingine nikalitundika ndani, upande wa pili wa kitanda, ili shavu la kivulini lisizame gizani. Chumba kikabadilika mpaka bibi akaanza kuona aibu ya utando wa buibui na kuutafutia ufagio.

Sasa nikataka mtoto alale, nipate picha isiyotikisika. Kwa mwanga ule kamera yangu inahitaji kuhesabu moja, mbili, na mtoto aliye macho hakai hata nusu ya hapo.

"Kaka, usimupige akilala," Zaina akasema. "Baba yake ataona maiti."

Ningeharibu mara ya pili, tena kwa ufundi.

Basi tukangoja aamke. Picha ya kwanza akapiga miayo. Ya pili, bibi ndiye aliyepiga chafya. Ikabaki moja. Nilimwambia bibi ampakate mtoto, mgongo wa mtoto kifuani kwake, mikono miwili midogo iwe mbele, naye mwenyewe abane pumzi. Mimi nikaiacha kamera kwenye miguu yake mitatu, nisiiguse ila kwa kidole. Mtoto akaligeukia shuka la uani, akalikodolea macho kama anayedai maelezo. Moja. Mbili.

Picha ilipojitokeza majini, zilianza kuonekana nyusi, kisha macho mawili yenye nukta nyeupe ya mwanga ndani yake. Lori liliondoka nayo Alhamisi.

Leo dereva amerudi. Kaingia hapa ameloa chapachapa, akakataa kukaa. Anasema alimkuta Saidi amekwisha funga mzigo wake, mkeka na sufuria. Akampa bahasha. Saidi akasimama mlangoni penye mwanga, akaitazama picha, akaanza kugusa kidole kimoja kimoja cha mtoto. "Kucha zote ziko," akasema. "Hata kucha zinaonekana." Kisha akaketi akafungua mzigo, akaweka sufuria jikoni.

Nilimwacha dereva amesimama, nikakimbia kwenye mvua kumwambia Zaina. Safari hii alilia, bibi naye akalia, mtoto mwekundu pyu akaona asibaki nyuma. Sijawahi kufurahia kelele kiasi kile.

Niliporudi dereva alikuwa bado yupo. Akasema kuna neno moja Saidi alimwagiza aniambie mimi peke yangu, bila wanawake.

"Mwambie shemeki, sasa anipigie na picha ya kaburi la ule wa kwanza. Asinifiche kitu tena."

Nimenunua filmu mpya. Mvua ikikatika kesho nitakwenda makaburini, na picha nitaiandikia nyuma jina la mtoto, kwa mwandiko wangu uleule wa zile barua.