Sotet ya Mama Ukutani kwa Bwana

Kibet, ndugu yangu,

Nimeiona sotet ya mama, kile kibuyu chake cha maziwa. Imening'inizwa kwa msumari ndani ya lile ghala la mawe hapa Boito, palepale walipokupiga risasi wakati wa vita vya Wajerumani.

Bwana aliyetoa amri siku ile sasa ana shamba la chai, na mimi ndiye mpishi wake. Usinikasirikie. Nilimjua tangu siku ya kwanza, nikasema moyoni, afadhali nikae karibu naye. Ghala amelifanya nyumba ya kukumbuka vita. Matundu ya risasi amekataza yasizibwe, na mlango ulioungua umeachwa vilevile. Wageni wakija anawatembeza akijisifu, nami nafuata nyuma na sinia.

Chini ya sotet kuna karatasi. Kizungu sijui kusoma, nikamwomba karani, Mjaluo mmoja mpole, anisomee. Alisita kwanza, kisha akasoma: "Sumu ya mpelelezi wa Wajerumani."

Sumu! Wewe uliyebeba mizigo ya jeshi la Bwana mpaka mabega yakachubuka! Walifungua sotet uliyobeba wakaona maziwa yana weusi, basi, hawakuuliza mtu. Mtoto yeyote wa kwetu angewaambia huo ni mkaa wa senetwet, mti ambao mama alichoma akasugulia sotet kila alipoweka mursik, maziwa yetu ya mgando. Mimi mwenyewe nilikunywa humo asubuhi ile kabla hujaondoka. Ulisema, "Nibakishie, njia ni ndefu."

Nilitaka kumchinja, Kibet. Kisu cha jikoni nakinoa mwenyewe. Lakini akifa karatasi ingebaki, nawe ungebaki mpelelezi.

Sasa sikia. Tumbo la Bwana ni bovu, halitulizwi na kitu ila mursik yangu. Namletea kwenye glasi, yeye anaiita dawa, na hajawahi kuuliza rangi ile ya majivu inatoka wapi. Jumapili iliyopita alisimama mbele ya wageni, akanywa dawa yake yote, akafuta midomo, akaonyesha ukutani akaanza ile hadithi ya sumu.

Nikaweka sinia chini. Nikaitungua sotet, nikaigonga juu ya kitambaa cheupe, vumbi jeusi likamwagika. Nikachukua glasi yake, nikapangusa masalio kwa kidole, nikayapaka kando ya lile vumbi. Weusi ni ule ule. Nikasema: "Bwana, hiki ndicho unachokunywa kila asubuhi. Ni sumu au ni maziwa?"

Wageni wote walimtazama. Uso ulimwiva. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni maziwa."

"Basi ndugu yangu ulimuulia nini?"

 Nilifukuzwa siku hiyohiyo, nikaondoka na sotet ndani ya blanketi langu, na hakuna aliyethubutu kunizuia.

Karani anasema karatasi imebanduliwa. Anasema pia Bwana analia na tumbo, na ametuma watu mara kadhaa nirudi, atanisamehe. Anisamehe mimi! Nimewaambia wamjibu kwamba ng'ombe wangu wamekauka. Wanawasikia wakilia zizini kwa uzito wa maziwa, wanacheka, wanakwenda.

Lala sasa, Kibet. Sotet nimeisugua upya. Maziwa ya kwanza nitakumwagia wewe chini, kila ninapokamua, maadamu niko hai. Yeye hatapata hata ya kulamba.

Ndugu yako mdogo.