Yaliyosemwa Handakini

Barrowford, Lancashire
Jumatano jioni

Kaka yangu Russell,

Pokea salamu zangu kutoka juu ya maji. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua, na wifi Celia naye hajambo pamoja na wale mbwa wake. Sisi huku ni wazima, ila tumeungua jua puani na tunanuka dizeli. Baba hajambo. Shangazi Edna hajambo kutushinda sote, maana mdomo wake haujui likizo.

Kabla sijaendelea nakuomba kitu kimoja. Usiipigie simu ile nyumba ya kutunzia wazee. Najua wanasubiri jibu wiki ijayo, na najua ulivyo, kalamu umeshaishika. Soma kwanza mpaka mwisho. Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na habari hii inataka kumalizwa.

Boti ya mferejini tuliichukua Skipton Jumamosi. Ni ndefu kuliko nyumba yangu na ni nyembamba kiasi kwamba mimi na Shangazi tukikutana ndani, mmoja lazima arudi kinyumenyume. Kijana aliyetukodishia alituonyesha injini, jiko na choo, akatuambia ukitaka kwenda kulia usukume mpini wa usukani kushoto, kisha akarukia ukingoni na kutupungia mkono kama mtu aliyetua mzigo. Nilishika usukani mimi. Kabla ya daraja la pili nilikuwa nimeshaingia kwenye matete, na mzee mmoja aliyekuwa akivua samaki pale alinitazama kana kwamba nimemkalia keki yake. Baba alikuja nyuma, akanisogeza kwa kiwiko, akautoa mpini mkononi mwangu. Tangu saa hiyo hajaurudisha.

Ulinituma, na nilikubali kutumwa. Ulisema wiki nzima kwenye boti ni mahali pazuri pa kumwambia Baba, kwa sababu hawezi kuondoka akabamiza mlango. Sikulaumu, kaka. Nami nilikuwa nimeshasadiki kwamba akili inamtoka. Krismasi nilikuwepo mezani ulipomuuliza kama anataka mchuzi zaidi, naye akakujibu kwa upole kwamba huyo alishakufa. Kliniki nilimpeleka mimi mwenyewe, na daktari alipomuuliza huu ni mwezi gani, Baba akasema viwili, na maziwa kidogo. Nilitoka mle nikalia kwenye maegesho ya magari. Mtu akishamzika mama yake, halafu aone baba naye anamponyoka huku angali anatembea, roho haina pa kukaa.

Sasa ndiyo nieleze kilichonichanganya. Mtu yule yule, juu ya boti, alikuwa timamu kunishinda mimi. Alijua mahali pa kupunguza mwendo ili tusizitikise boti zilizofungwa ukingoni. Alijua lango lipi la maji linavuja na daraja lipi limepinda. Injini iko chini ya miguu ya mwenye usukani na inanguruma kutwa, kwa hiyo anayekaa mbele hasikiki nyuma hata akipasuka. Tukakubaliana ishara za mikono, ngumi ni simama, kiganja ni twende, na Baba hakukosea hata moja. Mimi nilizikosea zote.

Kulikuwa na jambo moja tu la kunitia wasiwasi. Shangazi alijichagulia kiti cha mbele kabisa, akakaa na kufuma sweta huku ameipa njia mgongo, na mimi nikadhani anakimbia upepo. Na Baba, kule nyuma peke yake, mara kwa mara alikuwa akicheka. Hakuna aliyemsemesha, hakuna kilichotokea, na mzee anacheka mpaka mabega yanatikisika. Nikajiambia, haya, dalili nyingine hiyo.

Siku zikaenda, nami kila asubuhi nilisema leo namwambia, na kila asubuhi nilimkaangia nyama ya nguruwe badala yake. Nilikuwa naogopa uso wake, Russell. Huo ndio ukweli. Nilijua nikimwona anavyonitazama wakati ninataja nyumba ya wazee na kuuza nyumba, sitaweza kuendelea. Basi jana tulipofika kwenye handaki la Foulridge nikaona hapa ndipo. Unalikumbuka, lile refu linalopita chini ya kilima, giza tupu, maji yanakudondokea shingoni. Taa ya boti iko mbele, nyuma hapaonekani kitu. Nilisimama bega kwa bega na Baba, nikashika ukingo wa boti kwa mikono miwili, nikasema.

Nilisema yote. Nilimwambia kwamba wewe na mimi tumezungumza, kwamba chumba kimepatikana, kina dirisha la bustani, kwamba nyumba itabidi iuzwe, kwamba hatumtupi. Nilimwambia nampenda. Lini nilimwambia Baba maneno hayo? Sikumbuki, labda nikiwa na meno ya utoto. Injini ilikuwa ikinguruma na mimi nikapaza sauti juu yake, mpaka maneno yakawa yananirudia kutoka ukutani. Yeye hakujibu kitu. Nikajua ameumia, nikanyamaza na kulia kimya kimya mpaka mwanga ukaonekana.

Tulipotokea juani alifikicha macho, akanitazama, akauliza kama bado kuna mkate na nyama, maana handaki lile huwa linamtia njaa.

Usiku ule sikulala. Niliona sasa imekwisha kabisa. Mtu unamwambia tunakuhamisha nyumba uliyoishi na mkeo, na kabla maneno hayajapoa yeye amesahau. Nilipanga nikupigie asubuhi nikwambie saini, kaka, ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Asubuhi simu haikuwa na mtandao. Namshukuru Mungu kwa simu ile.

Leo tumeshuka malango ya Barrowford. Boti inaingia kwenye chumba cha mawe, unafunga lango la nyuma, unatoa maji, na boti inashuka nayo taratibu. Kitu kimoja kijana wa Skipton alitukariria mpaka kikatuchosha. Nyuma, chini ya maji, kuna kizingiti cha jiwe. Boti ikirudi nyuma ikakikalia, maji yanaondoka chini yake, pua inazama na tako linabaki juu, na waliomo wanamwagika kama mbaazi. Baba alikuwa ndani ya boti, kwenye usukani. Shangazi alikuwa kwenye malango ya mbele, amefungua maji kwa ule mpini wa chuma wa kuzungushia. Mimi nilikuwa nimerudi kwenye lango la nyuma kuchukua koti langu nililolisahau pale.

Nikatazama chini, nikaona boti imesogea nyuma. Mstari mweupe uliochorwa ukutani kuonyesha mwisho wa kizingiti ulikuwa umeshapitwa na tako lake. Baba alikuwa amenipa mgongo, anajaza kiko chake. Nilipiga kelele asogee mbele. Hakugeuka. Nilipiga kelele tena, kelele ya kuwafanya mbwa wa watu upande wa pili wa mfereji waanze kubweka, na baba yetu akapapasa mfukoni kutafuta kiberiti. Alikuwa karibu nami kiasi kwamba ningeweza kumtupia koti kichwani. Nikajua namwona baba yangu akifa hapa, mbele ya macho yangu, kwa sababu hajui tena jina lake.

Shangazi, kule mbele kabisa, aliinua kichwa. Hakupiga kelele. Alifungua kinywa wazi, akachezesha midomo kama mtu anayetafuna mkate mgumu, na sikusikia hata sauti. Papo hapo Baba akasukuma gia na boti ikaruka mbele, mbali na kizingiti. Kisha naye akachezesha midomo, bila sauti vilevile, na lolote alilolisema lilimfanya Shangazi ashike mbavu kwa kicheko.

Nilikaa chini palepale. Boti ilipotoka nilimfuata Shangazi nikamuuliza kilichotokea. Alinitazama kama mjinga. Akasema, “We Lorraine, umezaliwa mjini Nelson wewe au umeokotwa? Sisi watu wa kiwanda cha nguo. Mitambo inapiga pale ndani, unadhani nani alimsikia nani? Tulisema kwa midomo. Umbea wote wa mji huu umepita kwa midomo.” Nikamuuliza kwa nini Baba hakunisikia. Akasema, “Atakusikia na nini, mwanangu? Masikio ya Cliff yalibaki kiwandani. Amekuwa kiziwi kabla wewe hujaolewa. Nilidhani mnajua.”

Nikamweleza habari ya daktari, ya nyumba ya wazee, ya yote. Aliacha kucheka. Alisema Cliff ndiye anayemkumbusha yeye siku ya kutoa takataka, na kama kuna mtu wa kupimwa akili katika ukoo huu, atatupeleka yeye mwenyewe, mimi na wewe, kwa basi.

Kaka, mkumbuke Mama. Kumbuka alivyokuwa anakaa mezani, kila siku mkabala na Baba, hakukaa ubavuni mwake hata siku moja. Na wageni wakizungumza midomo yake ilikuwa ikicheza, nasi tukimtania kwamba anasema peke yake. Hakuwa anasema peke yake. Alikuwa anamwambia Baba kila neno. Miaka yote ile tulikula mbele yao na hatukuona.

Mchana tulifunga boti tukaenda baa ya hapo mfereji ulipo. Tulikaa nje, juani. Nilikaa mkabala naye, kama Mama, nikamwambia tena yote niliyoyasema gizani. Safari hii ilinibidi niutazame uso wake, naye alikuwa ameikazia macho midomo yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanywa bia yake kidogo, akasema, “Hayo ndiyo uliyokuwa unasema kule handakini? Nilihisi bega lako linatikisika, nikadhani unaimba.”

Tulicheka, Russell, tukacheka mpaka Shangazi akamwaga bia yake kwenye pai. Kisha nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Alisema alidhani atazoea, na hakutaka kusemeshwa kwa kelele kama mtoto mtukutu. Nikamuuliza kama hakujua kwamba tunadhani akili imemtoka. Akasema angejuaje, hakuna hata mmoja aliyemwambia usoni. Daktari yule, alisema, alikuwa amevaa barakoa na macho yake yako kwenye kompyuta, akaona labda kijana wa watu anamkaribisha chai, basi akamwambia vijiko vya sukari anavyotaka.

Roho yangu imetua, kaka. Sijui nikuambieje ilivyotua. Baba yetu yuko hapa. Hakwenda popote. Amekubali akapimwe masikio tukirudi, ingawa Shangazi anamwambia akivaa mashine ya masikio ataanza kujisikia akikoroma mwenyewe. Nyumba haiuzwi. Chumba chenye dirisha la bustani apewe mwingine anayekihitaji.

Sasa nimefika kwenye jambo linalokuhusu wewe, na nilitaka ulisome ukiwa umeshafurahi. Nilimuuliza Baba mbona mimi ananijibu sawasawa mara nyingi, ila wewe kila ukija anakujibu visivyo. Alisita, hakutaka kukusema. Akaniambia, “Mwanangu, tangu Russell afuge zile ndevu, simwoni mdomo. Naona kichaka kinatikisika tu.”

Nilianza kucheka, lakini yeye hakucheka. Alisema ndevu ulikuwa nazo tayari siku ya kumzika Mama. Anakumbuka ulipopanda mbele kanisani ukaanza kusema juu yake. Aliona watu wanatoa vitambaa, akaona hata mchungaji anafuta macho, na yeye hakuambulia neno. Basi, alisema, akageuka kumtazama Mama ili amweleze unasema nini.

Aliniambia hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anakwangua kiko chake. Na akaniomba nikuandikie. Anasema kama yale maneno bado unayo, uje uyaseme tena. Anasema mkae dirishani penye mwanga, na uyaseme polepole.

Nyoa ndevu, Russell, uje.

Mpe wifi Celia salamu zetu nyingi, na wale mbwa uwapapase masikio kwa niaba yangu. Shangazi anakusalimu, na anasema ukija bado unazo hizo ndevu, ule mkasi wake wa kukatia nyuzi kiwandani anao mpaka leo na haujapoteza makali. Baba anakusalimu. Ameniona naandika kwako, na sasa hivi ananionyesha kiganja kilicho wazi kutoka kule nyuma, maana yake twende.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Lorraine