Jina Lako Lilivyotajwa Kiptere

Mama,

Naandika nikiwa nimekaa mlangoni, kwa sababu ndani ni giza hata mchana, na kwa sababu hapa naweza kuliona wingu likija. Ninaliogopa wingu la huku Kenya. Asubuhi Kiptere inaamka vizuri, ukungu umelala juu ya chai, wachumaji wanapita na vikapu mgongoni wakicheka, na mtu unaweza kudhani uko nyumbani Tukuyu. Mchana mbingu inageuka. Radi inapiga, mvua ya mawe inashuka juu ya mabati, na watu walio chumba kimoja hawasikiani tena.

Zamani niliogopa kidogo tu. Tangu Baba Mdogo aliponipigia simu kusema hukuamka, na kwamba wasingeweza kunisubiri kwenye mazishi, naogopa kila kitu. Mbwa wa watu. Simu ikilia. Kukohoa kwa mtu nyuma yangu njiani. Hata kusali naogopa, Mama. Nilifunga na kukuombea tangu presha ilipokupanda, na sasa sijui nianzie wapi kusema na Yule niliyemwomba.

Siku naondoka uliniuliza, "Sasa ukifika huko utafanya nini kutwa nzima?" Nikakujibu kwa maneno ya semina ya watumishi wa kanisa. Jibu la kweli ni hili: natembea na kunywa chai. Mimi na mwenzangu Chelangat, binti wa Bomet aliyepangwa kuhudumu nami, tunapanda na kushuka vilima hivi tukiwatembelea watu wa kanisa. Tunawasomea Neno wagonjwa, tunaosha vyombo vya wazazi wapya, tunachuma chai na akina mama ili tuongee nao, maana wakiwa shambani hawawezi kukaa chini. Na kila nyumba ina chai ya maziwa, huwezi kukataa. Nikimwambia mzee shikamoo, anatazama nyuma yake kuona ni nani ninayemsalimia. Chelangat anacheka mpaka anashika tumbo. "Wewe dada, unaongea Kiswahili ya Biblia. Punguza kidogo, watu wanafikiri umekuja kuwahukumu."

Ungempenda. Anaongea sana, kama wewe, na anapika vibaya.

Sasa nikuambie kilichotokea, maana kinakuhusu wewe.

Kuna mama mmoja hapa, Chepkirui, aliyejifungua mtoto wa kike. Tulikwenda kumwona tukiwa na sukari na sabuni. Tulipofika tulimkuta mama mkwe wake, ambaye watu wote wanamwita Kogo, yaani bibi, ameketi na mtoto magotini, na wanawake wengine wawili pembeni. Kogo alikuwa anataja majina, moja moja, polepole, akimwangalia mtoto usoni. Chelangat alinieleza sikioni. Ni desturi yao ya zamani. Wanataja majina ya wazee wa ukoo waliokufa, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya, ndilo lake. Wanasema huyo ndiye aliyerudi. Baba wa mtoto ni mtu wa kanisa na hapendi mambo hayo, kwa hiyo walikuwa wanafanya haraka kabla hajarudi kutoka kupeleka maziwa.

Tulipofunzwa kabla ya kutumwa, tuliambiwa tukikuta majina ya wafu yanaitwa, tuage kwa heshima na tutoke. Nilisimama nitoke. Mvua ya mawe ikaanza papo hapo, na Kogo akasema, "Kaa chini. Unataka kufa ndiyo uonekane umeokoka?" Wote wakacheka. Nikakaa.

Majina yalikwisha na mtoto hakupiga chafya. Kogo akachoka. Akanipa mimi mtoto nimshike, akainuka kutafuta ugoro wake, amnusishe kidogo kama wanavyofanya mtoto akiwa mgumu. Hapo ndipo radi ilipopiga, Mama, karibu sana, ukuta ukatetemeka, na mtoto akashtuka mikononi mwangu kama kifaranga. Nilishtuka kuliko yeye. Nikamwinamia, nikasema lile neno ulilotuambia sisi kila radi ilipopiga, ukiwa umetukusanya kitandani chini ya blanketi moja: "Tulia, Subilaga yupo."

Mtoto akapiga chafya.

Kogo aligeuka. "Nani? Sema tena."

Chelangat ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, kwamba hilo ni jina la mama yangu, na kwamba amefariki juzi juzi. Kisha Chepkirui akaanza kucheka pale kitandani. "Ai! Mtanzania ameingia kwetu bila pasi! Sasa huyu atakula ndizi, na mimi atakuwa ananiambia shikamoo!" Wale wanawake wawili wakacheka pia. Kogo hakucheka. Alimchukua mtoto kwangu, akamfunika, akasema twende kwanza, ataniita.

Labda ilikuwa baridi. Labda ugoro ulikuwa umebaki kwenye shuka. Najua hayo yote. Najua pia nilichotumwa kufundisha, kwamba waliolala wamelala mikononi mwa Mungu, na hawazunguki wakitafuta mlango. Nilikuwa nimelisema neno hilo mara nyingi mbele za watu, kwa sauti.

Lakini nikuambie kilichoniogopesha kweli, maana siwezi kumwambia mtu mwingine. Nilifurahi. Ulipokufa, jambo lililoninyima usingizi halikuwa kaburi tu. Niliogopa kwamba hukujua nilipo. Hukuwahi kufika Kenya, hukuwahi kuona hata picha ya nyumba hii, na nilikufikiria ukizunguka uani kwetu ukiniita na mimi sipo. Sasa mtoto anapiga chafya, na moyo wangu unaniambia: amevuka mpaka, amenipata. Nikawa napita makusudi karibu na nyumba ile. Nikisikia mtoto analia, natamani kuingia. Nikiwa kanisani nafumba macho, na badala ya Mungu namwona yule mtoto. Ndipo nikaogopa sana, Mama. Niliona nimefika ukingoni mwa kitu ambacho sijui kina chake.

Nilimwambia Chelangat nusu yake. Akasema, "Ukisema hiyo maneno kwa Mchungaji, kesho uko kwa basi ya Isebania, unavuka mpaka kurudi kwenu." Kisha akafikiri, akasema, "Hata mimi nilipiga chafya. Na bado nimeokoka."

Wiki iliyofuata Kogo akaniita. Nilidhani atanigombeza. Aliniketisha chumbani kwa Chepkirui, wale wanawake wawili wakiwepo, akanimiminia mursik, yale maziwa yao ya kibuyu yenye majivu, akaanza kuniuliza juu yako kama mtu anayeulizia mchumba.

"Huyo mama yako alikuwa mwizi?"

"Hapana, Kogo."

"Alikuwa anatukana watu? Alipigwa na radi? Alikufa kwa maji?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia ulikufa kitandani kwako, alfajiri, umevaa kitenge cha kijani. Nilikuwa sijawahi kuyasema hayo kwa mtu. Nilipoanza sikuweza kunyamaza. Nikamwambia ulikuwa unakoroma. Ulikuwa unaogopa vyura na huogopi nyoka. Ulikuwa unaongea na migomba ukiwa umekasirika na Baba, ili asikie. Ulikuwa unapenda kichwa cha samaki, na mimi mpaka leo sijui kama ulikipenda kweli au ulikuwa unatuachia sisi nyama. Kogo alisikiliza yote. Alicheka kwenye vyura. Kisha akasema:

"Alikuwa mama mzuri. Lakini haiwezekani. Huyu mtoto akigonjeka, tutauliza nani kwa watu wake? Wewe utakuwa umeenda kwenu. Sisi hatujui njia ya huko. Lazima tuite tena."

Nikasema, "Ndiyo, Kogo. Mama yangu hayuko kwa mtoto huyu. Yuko kwa Mungu." Nililisema kwa sababu ndiyo imani yangu, na lilikuwa gumu kwa sababu kulisema ni kukuachilia. Kumbe unaweza kuamini neno kwa miaka, na siku ukilihitaji likakuogopesha.

Wakaita tena majina hapo hapo. Hakukuwa na mvua. Ningeweza kutoka, na sikutoka. Nilisimama karibu na mlango, na unajua nilikuwa naomba nini? Mimi, mtumishi, nilikuwa naomba mtoto asipige chafya kwa jina lingine lolote. Tapsabei, akanyamaza. Tabutany, akanyamaza. Taprandich, na mtoto akakunja pua, akapiga chafya kubwa mpaka akajitisha mwenyewe, na wanawake wakapiga vigelegele.

Nililia, Mama. Nililia pale mbele yao kwa namna ambayo sikulia simu ilipokuja. Chepkirui alinivuta nikae kitandani kwake, akanishika mkono. "Usilie, Mtanzania. Hata huyu Taprandich wanasema alikuwa mkali, alikuwa anachapa watu na mwiko. Ni afadhali ningepata wako." Nikacheka nikiwa bado nalia, na kamasi zikanitoka, na Kogo akanipa kona ya leso yake.

Hakuna aliyeniuliza tena kama uko kwa mtoto au kwa Mungu. Waliniuliza unapikaje ndizi.

Sijapona woga. Sitaki kukudanganya. Jana nimesali kwa mara ya kwanza bila kusoma maneno ya mtu mwingine, na sala yenyewe ilikuwa fupi: nilisema nimekukabidhi, na kwamba nimekasirika. Nadhani nilisikilizwa. Sina uhakika, lakini niliinuka, nikalala mpaka asubuhi. Jumapili nitamweleza Mchungaji mimi mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Akiona nirudi nyumbani, nitarudi. Akiona nibaki, kuna mzee kule Kedowa anayekufa na hataki kusali na mtu yeyote, nami nitaomba kupelekwa kwake, nikae naye tu. Nadhani naweza kukaa na mtu anayeogopa.

Lala, Mama yangu. Huna haja ya kunitafuta. Likizo yangu ikifika nitakuja kusimama mahali walipokulaza, nitang'oa magugu, na nitamwuliza Baba Mdogo yote ambayo sikuthubutu kumwuliza. Na hili nakuahidi: nitalitaja jina lako kwa kila aliye hai atakayeniuliza ulikuwa nani. Nitalitaja, kisha nitaendelea na hadithi, bila kusimama kusubiri litaitikiwa na nani.

Mwanao,
Sekela