Gesi Juu, Mafuta Chini

Mbeya, Jumanne usiku

Leo nimeongea sana, mpaka koo linaniuma kama la mtu aliyehubiri.

Niliyeongea naye ni Dada Atupele, dereva wa lile tipa kubwa la machimbo ya kokoto. Mgongo unamsumbua, na gari lilikuwa limelala mbele upande wa kushoto. Akaniambia, "Fundi, jaza gesi tu kwenye silinda ya mbele niondoke, mawe yananisubiri."

Nikakataa. Silinda hiyo ndiyo inayobeba uzito wa gari, na ilikuwa imevujisha mafuta. Ukijaza gesi peke yake gari litainuka vizuri, lakini kwenye shimo la kwanza tu chuma kitagonga chuma, na yeye ndiye aliyekaa juu yake.

"Kwani ndani hakuna springi?"

"Hakuna, dada. Chini mafuta, juu gesi ya naitrojeni. Tairi likipanda jiwe, gesi inabanwa, hiyo ndiyo springi yako. Mafuta yanapita kwenye vitundu vidogo, yanazuia gari lisirukeruke."

Akasikiliza mpaka mwisho. Tangu nimzike mke wangu kule kwetu Kilolo, hakuna mtu aliyeniuliza habari za kazi yangu.

Nikatoa gesi polepole, nikaongeza mafuta, nikajaza gesi upya. Jioni alirudi akicheka. "Kaka, leo nimeshuka bila kushika kiuno! Twende nyumbani, watoto wamepika makande."

Nikasema nimeshiba.

Sijui kwa nini. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nimerudi chumbani, nimekunywa chai iliyopoa, na sasa naogopa kwamba hatanikaribisha tena.