Carte ya Kakule Abdias

Butembo, Août 2024

Yaya Florentine,

Jambo sana, na jambo tena. Mugongo ya Maman inaendelea aje? Batoto yako banapenda masomo ao banakimbia? Mimi niko muzuri, nakula, nalala. Barua hii namupatia Zorobabel, motard wa pikipiki, juu wewe telephone unawekaka mu haut-parleur kila saa, nyumba yote inasikia, na Maman asisikie kwanza.

Unajua tangu vita ifike Kanyabayonga na ndugu yetu Kakule Abdias tumupoteze mu njia ya kukimbia, mimi na rafiki yangu Myriam tulianza kutengeneza site ya kutafuta batu. Yaya, tuligombana! Myriam alisema tutwae vipande bile biko tayari mu internet, bouton ya kufinya, formulaire ya kujaza, carte ya kila mutu, ile kisanduku ya jina yake, tubandike, site itoke mbio. Mimi nikasema hapana, ile inafananisha site zote kama uniforme ya masomo, rangi na mistari nitaandika yote na mukono yangu. Akanicheka. Akaniita Monsieur Tailleur, fundi wa kushona, akasema bakimbizi bale banalala mu salle ya paroisse habatafuti rangi ya bleu muzuri, banatafuta batoto yabo.

Nikakaza kichwa. Juma moja kona za carte, juma ingine kivuli yake! Myriam akachoka, akatwaa vipande vyake, na kwa siku mbili site ikafunguka kweli. Batu bakajaa. Mais carte ile ya tayari ilikuwa inakata majina: mustari moja, kiisha nukta tatu. Na kwetu huku, nyumba gani haina Kakule? Page muzima, Kakule, Kakule, Kakule! Mama Berthe aliita ku telephone juu ya mwana wake, akatoka mbali, akakuta Kakule wa benyewe. Njo Myriam akaniambia, bon, Tailleur, shona sasa. Vipande vingine niliviacha vile viko. Niliandika carte tu, jina lote lionekane, na kijiji chini yake.

Yaya, nikuambie kweli. Sikukuwa natafuta uzuri. Carte ile nilikuwa napamba juma zote zile ilikuwa ya Abdias. Niliogopa siku site itafunguka, jina yake ikuwe kati ya bale bamepotea, na mutu hata moja asiite. Hata kisha kufunguka niliificha. Siku ya mungu iliyopita njo niliiweka.

Jana muuza samaki moja wa Kyavinyonge aliita. Anasema kuko kijana pale anafuma nyavu, Kakule Abdias, jina lote, wa Kanyabayonga. Hana telephone, namba ya mutu hakumbuki. Saa ile kijana alikuwa ku ziwa, sikusikia sauti yake. Pikipiki itanipeleka kule kesho kutwa asubui.

Donc mupatie Zorobabel pullover ya Abdias, ile ya kijani, na umuambie Maman ni mimi nasikia baridi. Kama si yeye, nitaivaa, inibane tu, na carte itabaki pale pale.

Myriam anakusalimia, batoto ubabusu.

Ni mimi mudogo wako,
Jonathan