Jiwe la Kutosalimiwa

Sapiwi, Bariadi
9 Agosti 1975

Mpendwa kaka Anatoli,

Hujambo huko Morogoro? Wifi Sikuzani na watoto wanaendeleaje, na kile kikohozi chako kimepoa? Sisi ni wazima. Pamba tumevuna, si haba, na mama bado anatugombeza kama kawaida yake.

Barua yenu ya pole ilinifikia, wabeja sana. Tangu tumzike mwanangu Novatus mwezi wa tano, bado najisahau namtengea chakula.

Unalikumbuka lile jiwe ndani ya ngitili ya babu, kule tulikotunza majani ya ng'ombe kwa ajili ya kiangazi. Mama alikuwa akienda kukaa pale alipofiwa na mdogo wetu. Mwanamke aliyefiwa na mtoto akikaa pale hasemeshwi. Wewe mwenyewe ulimpita mama mzazi na ng'ombe wako, ukanyamaza. Sasa naenda mimi.

Basi alikuja bwana shamba mgeni, Ndugu Constantine, kupima faida za ngitili ile kabla haijafyekwa iwe shamba la pamba la kijiji. Akahesabu kuni, nguzo na mizinga ya nyuki, mwisho akanikuta jiweni. Akanisalimu, "Mwadila mayu," kwa Kisukuma cha kujifunza. Sikuitika. Akarudia, akanizunguka mbele, akanyoosha na mkono. Alishafundishwa kwamba huku kwetu salamu hainyimwi mtu, ila habari za jiwe hakuna aliyemwambia. Akaenda kwa mwenyekiti kusema kuna mama mwenye kiburi anapinga kijiji.

Mimi napinga kijiji? Nyumba yangu ya zamani niliibomoa kwa mikono yangu tulipoambiwa tuhamie pamoja, na shamba la ujamaa nafika kabla ya wengi. Nilikasirika, kaka, na mpaka leo nina hasira.

Kwenye mkutano wa kijiji Constantine alisema kuni ni chache, nguzo mbovu, faida hakuna. Akaniuliza, bila ubaya, tunapata nini pale. Nikasimama.

"Hatupati kitu cha kubeba," nikasema. "Hapa kijijini tumepangwa mlango kwa mlango. Nasalimiwa tangu alfajiri, na kila anayenisalimu ananiuliza watoto hawajambo. Naitika hawajambo. Pale jiweni siulizwi."

Constantine akainama. Akasema maneno yangu ni ya kweli, ila hajui kipimo cha kuyapimia. Mwenyekiti akasema kufyeka ni Jumatatu vilevile.

Usiniandikie kunituliza. Waliowahi kukaa pale ni wengi kuliko nilivyodhani, na wote wamesema Jumatatu watakuja kukaa jiweni. Mama atakuja na kigoda chake.

Msalimie wifi, mbusu Siwema mdogo, na Mungu asiwaonjeshe kilio kama changu. Jumatatu wenye mashoka ni vijana wetu wenyewe, tuliowalea hapahapa. Kutuondoa itabidi mmoja wao atangulie kutusemesha. Nataka nimwone huyo atakayefungua mdomo.

Dada yako akupendaye popote ulipo,
Lukresia